Yale masale uliyoyang'oa

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo. Baridi ya Julai imekaza, bibi yako habanduki jikoni, na mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti, kwamba masale yetu ni ya tambiko na yanatufunga kwa laana, nimeusikiliza mara mbili, dakika zote kumi na moja. Nimeona nisikujibu kwa sauti, maana mimi nikianza kuongea naishia kuhubiri. Ndivyo asemavyo mama yako.

Kwanza nikueleze kilichotokea, kwa sababu Jumatatu ya Pasaka uliondoka na basi la asubuhi na hukuyaona. Masale, mimea hiyo ya majani marefu tunayopanda sisi Wachagga, uliyoyang'oa na wale wenzako wawili alfajiri ile, mkaacha mmemimina mafuta ya upako kwenye mashimo, yalikuwa saba. Hayakuwa ya tambiko, mama. Yalikuwa mpaka. Babu yako aliyachomeka mwenyewe siku aliyotugawia kihamba, shamba la ukoo, mimi na baba yako mdogo, kuanzia mfereji hadi kwenye mparachichi. Karatasi hatuna. Hati yetu ilikuwa hayo masale.

Baba yako mdogo aliamka akaenda kukata majani ya ng'ombe, akakuta mashimo saba yananuka mafuta. Wewe ungewaza nini? Aliwaza kwamba kaka yake, mchungaji mstaafu, ameanza kusogeza mpaka kidogo kidogo. Wiki tatu hatukusalimiana. Tangu nistaafu nakaa naye benchi moja kanisani, la tatu kutoka mbele, na yeye kama mzee wa kanisa ndiye anayepitisha kapu la sadaka. Kapu lilikuwa linafika kwangu bila yeye kunitazama. Na Jumapili moja nilitoa mkungu wa ndizi, mzuri kweli. Unamjua baba yako mdogo kwenye mnada baada ya ibada: anapandisha bei mpaka watu wanacheka, kuku wa elfu kumi na tano anafika arobaini. Siku ile mkungu wangu uliponadiwa alikuwa anafunga kamba za viatu. Akazifunga mpaka ukauzwa.

Ulinitumia aya sita. Nami nina moja, Kumbukumbu la Torati 27:17: "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake. Na watu wote waseme, Amina." Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kama mwehu. Binti yangu kapanda basi kutoka Dar es Salaam aje kuvunja laana, akaokota nyingine iliyoandikwa kabisa kwenye Biblia.

Lakini sikuandikii kukusuta. Hofu yako ina mahali ilipotoka, na mtumishi wenu hakuitunga yote. Zamani mafuvu ya wazee yalihifadhiwa migombani, na masale yalizunguka pale. Watu walikwenda hapo kumwaga mbege na kuwaomba waliokufa. Wapo wanaofanya hivyo hadi leo, na wengine wana vipaimara vyao na bahasha za ahadi. Mimi simwagi, na siombi kwa aliyekufa. Hilo uliliona ulipokuwa mdogo na hujasikia nimelibadilisha. Sasa, jani linaloota makaburini ndilo hilo hilo linaloonyesha shamba la nani linaishia wapi, na ndilo hilo hilo mtu hushika anapokwenda kuomba msamaha. Ukitaka kujua limefanya kazi gani, inabidi umwulize aliyelishika.

Mimi sikuuliza. Hili sijawahi kukusimulia. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nimetoka chuo cha wachungaji Makumira juzi tu, kola bado inanibana shingo, niliambiwa mama mmoja mjane ameonekana ameshika isale mlangoni kwa shemeji yake. Nikamzuia Chakula cha Bwana. Nilimwambia mbele ya wazee wa kanisa, na nilijisikia shujaa. Yule mama hakujitetea, alijifunga khanga yake vizuri akatoka. Alikuja hivyo hivyo kila Jumapili, anakaa nyuma, wenzake wanakwenda mezani yeye anabaki. Nilijua ukweli siku ya mazishi yake, kutoka kwa huyo huyo shemeji. Mwanawe alikuwa ameiba kahawa ya baba yake mdogo, magunia mawili, na mama alikwenda kumwombea radhi. Basi. Alikuwa anatekeleza Mathayo 5 ambayo mimi nilikuwa naihubiri. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga. Mstari huo siku hizi nausoma taratibu sana.

Ulisema wazee wetu walipopokea Injili walipaswa kuacha kila kitu cha kale. Kila kitu? Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walipofika mlimani Kilimanjaro mwaka 1893 walikuta watu wanamwita Mungu Ruwa. Na unajua ruwa ni nini kingine: ni jua. Wangeweza kusema hawa wanaabudu jua, tuwaletee jina jipya. Hawakufanya hivyo, na bibi yako anasali kwa jina hilo mpaka leo akiwa peke yake jikoni. Hata Kiswahili unachokemea nacho mapepo: imani, dhambi, sala, Injili, kanisa lenyewe, ni maneno ya Kiarabu, na huko pwani yalikuwa vinywani mwa Waislamu kabla hatujayachukua sisi. Hakuna aliyeyapaka mafuta kwanza. Na kule kwenu mmesimamisha mti wa Krismasi wa plastiki, nimeuona kwenye picha zako. Ule nao una ukoo wake, ukaulizie Ujerumani.

Usidhani natetea kila lililoletwa na wazungu, au kila lililokuwa letu. Mangi Meli, mtawala wetu, alinyongwa na Wajerumani hapa hapa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wenzake, na Injili yetu ilifika kwa njia hiyo hiyo ya askari hao. Miaka miwili baadaye akaja Uchaggani kijana mwingine wa Kijerumani, mmisionari Bruno Gutmann, akaishia hapa Old Moshi, na ukitoa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikaa hadi 1938. Yeye alikaa na wazee akawauliza. Aliandika sheria za Wachagga kitabu kizima, kikatoka 1926, na alitaka usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, vitu alivyovikuta. Wapo waliomlaumu kwamba alitaka Mchagga abaki vile vile asisogee, na lawama hiyo si ya bure. Ila aliuliza kabla ya kung'oa.

Halafu kuna kisusio, ile supu yetu ya damu. Matendo ya Mitume 15 inatuambia waziwazi tujiepushe na damu, na sijawahi kusikia mahubiri juu ya kisusio katika huu mlima, tangu nizaliwe. Wazee wa kanisa wanakipuliza kwanza kisipoe haraka. Mimi nimo. Kwa hiyo tukianza kuhesabu nani kaacha nini, tuanze na mabakuli.

Turudi kwa baba yako mdogo. Wiki ya nne nilichoka. Nilikuwa nimemtumia watu wawili na mwinjilisti mmoja, wote wakarudi na jibu lile lile: "Mwambieni mpaka auache ulipo." Usiku nikasoma tena: ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, uende zako, upatane kwanza. Mwanangu, nimehubiri aya hiyo zaidi ya mara ishirini, lakini haikuwahi kuniambia niende na nini mkononi. Bibi yako ndiye aliyeniambia. Yale masale yako saba alikuwa ameyaokota siku ile ile, ameyaweka nyuma ya banda, mizizi kwenye ndoo ya maji. Hakusema kitu wiki zote hizo. Akakata jani moja, akalifunga fundo, akanipa kama mtu anayekupa chumvi.

Nilivaa kola. Sijui kwa nini, labda nilitaka Mungu na babu yako wote wanitambue. Nikapita kwenye mfereji, nikasimama mlangoni kwake nimenyoosha mkono, jani linatetemeka kwa sababu mkono wangu siku hizi unatetemeka wenyewe. Alitoka amevaa fulana ya ndani, mswaki mdomoni. Akanitazama mimi, akatazama isale. Nilianza kueleza kwamba ni wewe, kwamba ni ya kiroho, kwamba sikujua. Hakusikiliza hata neno moja. Alitoa mswaki, akatema povu pembeni, akalipokea jani kwa mikono miwili, akasema, "Kaka, ingia, chai ipo." Hatukuzungumza habari ya mpaka kabisa asubuhi ile. Tulizungumza ng'ombe wake anayekataa kula.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Chakula cha Bwana. Tulipiga magoti pamoja na bega lake liligusa langu. Nilimwona yule mama mjane wangu pale nyuma, ingawa ana miaka mingi kaburini.

Sasa nina ombi, na si amri. Ulisema Desemba hutakuja nyumbani kuhesabiwa na ukoo kwa sababu huwezi kulala kwenye ardhi yenye maagano. Kama moyo unakukataza, sitakulazimisha, na nitaendelea kukuombea kama ninavyofanya kila saa kumi na moja asubuhi. Ila nimemwambia baba yako mdogo kwamba aliyeng'oa ni wewe, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubeba lawama ya mtu mwingine. Alicheka sana. Alidhani ni mimi nimekutuma!

Masale matano tumeshayachomeka, yeye anashika kamba upande wa mfereji, mimi upande huu. Yameshika vizuri, hilo jani halifi kirahisi. Mawili ya karibu na mparachichi tumeyaacha kwenye ndoo. Baba yako mdogo anasema hayo ni ya kwako, na kamba ameificha yeye, hataki mtu mwingine aiguse. Bibi yako anabadilisha maji kila Jumamosi.

Baba yako