Msizipasue mota kabla hatujazipima

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ndugu zangu wanunuzi wa vyuma chakavu hapa jijini.

Mimi ni seremala, niko Keko. Kerezo ninalokerezea miguu ya vitanda linaendeshwa na mota iliyotoka kwenye pampu ya maji. Niliikuta Buguruni kwenye rundo la skrepa, kibao chake kimeandikwa mizunguko 2,850 kwa dakika. Mwenye mali akasema imeungua. Nikazungusha shafti kwa vidole, ikaenda laini, beringi hazikwaruzi. Nikainusa. Vanishi inayopakwa nyaya za ndani ikiungua ina harufu yake, na hii haikuwa nayo. Kufika nyumbani nikaiwasha, ikanguruma tu bila kuzunguka. Kumbe kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ndiyo imevimba! Nikafunga mpya, nikaweka puli ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye kerezo, spidi ikashuka hadi 950 hivi. Mwaka wa sita huu inanilishia watoto.

Kinachoniuma ni kwamba siku ileile kijana alikuwa amekaa pale pale, anaipasua kwa nyundo mota nyingine ya aina hiyohiyo ili atoe shaba. Shaba yenyewe haikufika kilo mbili. Mota nzima ningemlipa zaidi.

Ndugu zangu, mota zitengeni pembeni. Tuje na mita zetu tupime, isiyofaa ndiyo ipasuliwe. Hata iliyoungua kweli wapo mafundi wa kuisuka upya nyaya zake.

Na mafundi wenzangu, mota ya brashi ya mashine ya kufulia, ile yenye vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, msiifunge jiwe la kunolea. Ile isipokuwa na mzigo haiachi kuongeza spidi. Jirani yangu alifanya hivyo, jiwe likapasuka na kipande kikatoboa bati la ukuta, hatua mbili tu kutoka alipokuwa amesimama mwanawe. Kila jiwe limeandikwa spidi ambayo halitakiwi kuizidi, someni. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, nao ufungwe kwenye bodi ya mota, hata kama mashine ni ya uani kwako.

Jumamosi nitapita tena Buguruni. Natafuta mota ya mashine ya randa, nguvu ya farasi 2, na nitakuja na hela mkononi. Yeyote aliye nayo anisubiri kabla hajashika nyundo.

Seremala,
Keko, Dar es Salaam