Barua ya wazi kwa watoto wa marehemu shoga yangu, na vijana wote wa Kibokoni

Wanangu,

Assalaam alaykum. Siku ya hitma ya mama yenu nilifungiwa sambusa mbili nipeleke nyumbani. Nilipozifungua mikono ikanitetemeka. Karatasi ile ilikuwa ukurasa wa daftari lake: mwandiko wake wa kulala upande, alama za vidole vya mafuta, na maneno "unga mfuko mmoja, bado".

Daftari lile nalijua kwa miaka 30. Saa kumi alfajiri, mtaa ungali umelala, yeye ameshakuna nazi, unga umeumuka, harufu ya iliki imefika hadi kwangu. Mahamri na mbaazi ndizo zilizowasomesha. Mbele ya daftari aliandika waliokula kwa deni. Wengine aliwapiga mstari mmoja, akaniambia, "Huyu ana mayatima, nimemwachia." Nyuma aliandika anayodaiwa yeye. Kila mwisho wa mwezi alianzia nyuma.

Sisi Waislamu tunaujua mpango wa mali ya maiti: maziko, kisha deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo urithi. Nyinyi mmeanzia mwisho! Leso zake mmezigawana kabla ya hitma, mkagombania hata kisutu chake cha harusi. Mmekodi mahema, mmeleta masinia ya biriani kwa mkopo, na muuza unga bado angoja. Mwajua kuwa mzee yule alitia bega lake kwenye jeneza hadi makaburini Kikowani, wala hakusema neno?

Wala si nyinyi peke yenu. Sisi wazee tumeacha mambo yaharibike. Ja'far, binamu yake Mtume, alipouawa vitani, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa zake, kwani wamefikwa na la kuwashughulisha. Leo twawageuza wafiwa kuwa wapishi, kisha twatoka tukihesabu vipande vya nyama. Nami nilikula, nikachukua na sambusa. Namuomba Mungu anisamehe.

Mengine ni mafupi. Mdogo wenu wa kike asitolewe chumba cha mamake. Asmini ya uani imwagilieni maji. Na wazee aliokuwa akiwapelekea hamri bure, piteni muwajulie hali. Mtume ametufunza kuwa kuwaunga marafiki wa wazazi wetu ni katika wema ulio bora.

Najua mwalia. Nami silali. Nilipofiwa na mume wangu, mama yenu alikuja kila jioni ya eda, miezi 4 na siku 10, akakaa nami mkekani, siku nyingine bila kusema lolote.

Ule ukurasa ninao. Niliunyunyizia unga ukanywa mafuta, na hesabu zasomeka. Njooni baada ya magharibi, mmoja wenu au nyote, tuuchukue pamoja hadi dukani.