Stendi ya darubini ndefu haipimwi kwa kilo peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu darubini za lenzi niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika kwenye jedwali la stendi. Mwandishi amezipanga kwa kilo: hii inabeba 10, ile 15, nyingine 20. Mwenye darubini ndefu akilifuata jedwali hilo ataumia kama nilivyoumia mimi, na mimi nimechomelea vyuma miaka 31, kwa hiyo sina hata kisingizio.

Darubini yangu ina lenzi ya sentimita 12 na bomba linalokaribia mita 2. Urefu huo una sababu yake. Lenzi za namna hii, za vioo viwili, bomba likiwa fupi huuvisha Mwezi na Zuhura ukingo wa zambarau. Likirefushwa, rangi hiyo hufifia. Yote kwa pamoja ina kilo 9. Niliipandisha kwenye stendi iliyoandikwa kilo 15, nikajiona nimebakiza akiba ya kutosha. Usiku wa kwanza nikaitafuta Zohali, nikaipata, nikagusa kirungu cha kurekebishia picha. Sayari ikaanza kuyumba kama taa ya mashua. Nilihesabu sekunde 8 kabla haijatulia. Nikagusa tena, 8 nyingine. Mke wangu alichungulia mara moja, akauliza kama hiyo sayari ina homa.

Jedwali limesahau urefu. Ukaidi wa bomba, yaani ugumu wa kuligeuza na kulisimamisha likishaanza kwenda, hukua kwa kipeo cha pili cha urefu. Chukua mabomba mawili ya kilo sawa, moja la mita 1 na jingine la mita 2: lile refu ni kaidi mara 4. Nayo lenzi, yenye uzito wake, imekaa mwisho kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Isitoshe, kinachotosha kuharibu picha ni kidogo mno. Ncha ya bomba langu ikisogea sehemu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi, Zohali imeshahama upana wa tufe lake zima.

Tatizo hili lina umri. Mtazama nyota Johannes Hevelius, katika karne ya 17, alitundika darubini ya mita 46 kwenye mlingoti kwa kamba, na kila upepo ukawa mtihani. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 waliunda ya mita 60, wakailaza chini moja kwa moja na kuiwekea kioo kinachogeuka ili kiiletee nyota ilipo. Hao walisoma alama za nyakati.

Mimi nilikuwa karibu kununua kichwa kikubwa zaidi cha stendi, yaani ile sehemu ya juu inayobeba bomba na kuligeuza. Bahati nzuri mchana mmoja niliilenga darubini kwenye ncha ya mlingoti wa mbali, nikawa naligonga bomba kwa kidole huku mkono mwingine umeshika kiungo kimoja baada ya kingine. Niliposhika kichwa, hapakuwa na tofauti yoyote. Niliposhika miguu, mtikisiko ulipungua nusu. Kumbe nilitaka kumfunga asiye na kosa! Miguu ilikuwa ya alumini nyembamba, nami nilikuwa nimeivuta yote mpaka mwisho. Nikaifupisha, sekunde 8 zikawa 5. Lakini darubini ndefu ina kisa: ukiielekeza utosini mwa anga, upande wa jicho unashuka mpaka magotini, nikawa natazama nyota nimelala chali.

Ikabidi nguzo badala ya miguu. Nilichagua bomba la chuma la inchi 8 badala ya 4, kwa sababu unene wa ukuta ukiwa uleule, upana maradufu hutoa ugumu wa kama mara 8. Ndani nikajaza mchanga mkavu. Mchanga hauongezi ugumu, kama wengi wanavyodhani. Kazi yake ni kumeza mtetemo, maana chuma kitupu hulia kama kengele. Chini nikalizika kwenye zege lisilogusana na sakafu tunayokanyaga. Zile bolti 3 ndefu za kusawazishia kichwa juu ya nguzo, ambazo karibu kila mchoro wa nguzo unazo, nilizikataa. Pimamaji haina kazi hapo; mhimili ambao darubini huuzunguka ndio unaotakiwa kuelekea ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kupazunguka, na kichwa chenyewe kina skrubu za kurekebisha hilo. Kusimamisha nguzo ya chuma kisha kuivika shingo ya bolti 3 ni kujenga ukuta wa mawe na kufunga mlango kwa uzi.

Mengine yalikuwa madogo. Pete zinazoshika bomba nilizitenganisha zaidi. Jiwe moja la mizani, lililokuwa mwisho wa fimbo upande wa pili kusawazisha uzito wa bomba, nikalifanya mawili, yakasogea nusu ya umbali: mizani ileile, ukaidi nusu. Kwenye kirungu nikabana kibanio cha nguo, hivyo nakigusa kwa ncha ya kidole tu. Sasa inatulia chini ya sekunde 2. Upepo bado unanishinda.

Naomba jedwali likirudiwa, liongezewe safu ya urefu wa bomba. Na mwandishi aigonge kila stendi kwa kidole, aandike sekunde. Saa ya mkononi inatosha.

Fundi chuma mstaafu