Haro ya Trekta Kubwa Kwenye Massey 35: Tunachobadilisha na Tunachokataa

Msimu wa kuandaa mashamba ukikaribia, karakana yetu hapa Moshi hupokea ombi lile lile: mteja kapata haro, yaani zana ya diski ya kulainisha udongo, ya mtumba, iliyotengenezwa kwa trekta kubwa, kwa bei nzuri, trekta yake ni Massey Ferguson 35 ya zamani, na pini haziingii. "Fundi, nipanulie matundu tu."

Matundu ya trekta hatupanui. Haro nyingi za aina hiyo zina pini za chini za milimita 28, na mkono wa chini wa 35, ule wa nyuma unaobeba zana, unapokea pini ya milimita 22. Ukiuchimba umekula chuma cha mkono wenyewe, na plau yako yenye pini za 22 itacheza humo milele. Tunarekebisha upande wa haro: tunakata pini za zamani, tunachomelea masikio mapya ya bamba nene, yakae ndani zaidi, maana nafasi kati ya mikono nayo ni tofauti. Haro kubwa inataka kama sentimita 82, trekta yako ina 68. Pini tunazikereza wenyewe. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Shughuli iko kwenye uzito. Haro ikining'inia nyuma ya trekta ndogo, mbele kunakuwa kwepesi. Ukipandisha kilima barabarani, unakata usukani na trekta haifuati. Vyuma vya uzito mbele vinasaidia, ila haidroliki, yaani mfumo wa kuinua zana, bado inabeba mzigo usio wake.

Kwa hiyo tunapunguza diski. Zinatoka kulia na kushoto kwa idadi sawa, safu ya mbele na ya nyuma, la sivyo haro itavuta upande na dereva atashinda akipigana na usukani. Shafti ya pembe nne inayozishika lazima ifupishwe na kukatwa hesi (mistari ya kufungia nati) upya. Wapo wasioifupisha, wanajaza pengo la diski zilizotoka kwa kipande cha bomba. Nati inalegea, diski zinacheza, na tundu la pembe nne linageuka duara. Hapo unanunua diski upya. Kama tayari unayo haro ya namna hiyo, kagua nati ya mwisho baada ya saa chache za kazi.

Kupunguza nako kuna mwisho. Haro ikiwa nyembamba kuliko upana wa trekta kutoka tairi moja la nyuma hadi lingine, nyayo za trekta zinabaki zimeshindiliwa. Ikifika hapo na bado ni nzito, tunakushauri tuifunge magurudumu iwe ya kukokota, au uiache. Kuna wateja huondoka wamenuna, sawa tu.

Shambani, ikiacha tuta katikati, safu ya nyuma inachimba mno: fupisha kidogo toplinki, ule mkono wa juu unaoshika haro. Kwenye udongo mweusi mzito wa huku tambarare, punguza pembe ya diski upite mara mbili.

Kabla hujamlipa muuzaji, hesabu diski, pima unene wa pini na nafasi kati yake, upige picha rula ikionekana. Ukiweza, njoo na trekta yenyewe.