Barua kwa Mbwana: kabla kijana hajachora mkono

Ndugu yangu Mbwana,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto wote. Ujumbe wako nimeusoma, na picha ya simba nimeiona, huyo ambaye kijana wako anataka achorwe kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono kabla hajaripoti chuo cha urubani. Umeuliza kama tatuu itamzuia kurusha ndege. Leseni ataipata. Kazi ya kampuni ndiyo itakayomsumbua, na itamsumbua kwa sababu ya shati.

Tulimalize la leseni kwanza, maana ni jepesi. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinapima macho, masikio, moyo, mapafu na akili. Katika viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hakuna panaposema mwenye tatuu asirushe ndege. Marekani fomu ya FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, ina kipengele kinachomtaka daktari aandike makovu na tatuu za mwombaji, ukubwa wake na zilipo, lakini hiyo ni kwa ajili ya kumtambua mtu, na wewe unaelewa ni katika hali gani rubani hutambuliwa kwa alama za ngozi. Kwa daktari, cha kuogopa zaidi ni sindano. Homa ya ini B au C iliyopatikana kwa sindano chafu inaweza kumweka chini muda mrefu. Basi mchoraji afungue pakiti ya sindano mpya mbele yake, amimine wino kwenye vikombe vidogo vya kutumia mara moja, avae glavu mpya. Ngozi ya juu hupona kwa wiki mbili hadi nne, kwa hiyo asichorwe mwezi huo huo anaokwenda kupimwa.

Sasa shati. Sare ya rubani inaiga sare ya ofisa wa jeshi la majini. Pan Am, kampuni ya ndege ya Marekani, ndio walioianzisha miaka ya 1930, walipokuwa wanarusha ndege za kutua majini na wanataka abiria wawaamini marubani kama wanavyomwamini nahodha wa meli. (Kichekesho ni kwamba mabaharia ndio waliokuwa wamejaa michoro mwilini. Pan Am waliiga maofisa.) Imani hiyo ya abiria ndiyo makampuni wanayoilinda mpaka leo. Kwenye joto la Dar au Mombasa, rubani anavaa shati jeupe la mikono mifupi, na kigasha chote kiko nje. Simba wake atamsalimia abiria kabla yake.

Usimwambie "atavaa mikono mirefu" ukadhani umemaliza. Mashati mengi ya sare ni ya kitambaa chepesi, na wino mweusi unaonekana kupitia kitambaa cheupe, hasa jasho likikilowesha. Watu huvaa fulana nyeupe ya mikono ndani, nayo inazidisha, kwa sababu mstari wake unaonekana. Fulana ya rangi inayokaribiana na ngozi inaficha vizuri zaidi, na shati liwe la kitambaa kizito kidogo. Hata hivyo mkono wa shati hupanda anaponyoosha mkono kushika swichi za juu, na kwenye chumba cha rubani swichi za juu hushikwa kila safari.

Makampuni hayafanani, na hapa ndipo vijana wanapopotea. Wanasoma habari moja wanadhani dunia imebadilika. Ni kweli Air New Zealand waliruhusu tatuu zinazoonekana kuanzia tarehe 1 Septemba 2019, ila walikuwa na sababu ya nyumbani kwao: michoro ya Wamaori, tā moko, inaeleza ukoo wa mtu, na ilikuwa aibu kumnyima mwenyeji kazi ya kuvaa sare kwa sababu ya nasaba yake. Virgin Atlantic wakafuata mwaka 2022 kwa wahudumu wa ndege, lakini uso na shingo waliviacha nje ya ruhusa. Hata walioruhusu wanakataa matusi, utupu na alama za chuki.

Vijana wetu wengi lakini hawaombi kazi Auckland. Wanaangalia Ghuba. Emirates wanaandika wazi katika masharti ya wahudumu wa ndege: tatuu isionekane ukiwa na sare, na kuifunika kwa vipodozi au bandeji hakukubaliki. Soma sharti hilo la mwisho mara mbili, kwa sababu ndilo linaloangusha wengi waliojiandaa kwa fandesheni. Kwenye usaili wa wahudumu hao mtu anatakiwa afikie sentimita 212 akisimama kwa ncha za vidole, na anapojinyoosha hivyo blauzi inapanda, mikono inapanda, na kilichofichwa kiunoni au juu ya kiwiko kinatoka. Kwa upande wa marubani, aiulize kampuni kwa barua pepe kabla ya kuchora na ayatunze majibu yake. Maneno ya rafiki anayefanya kazi huko hayatoshi.

Na kama anaweka polisi kama njia ya pili, huko ndiko kugumu zaidi. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama yoyote ya kuchora mwilini. Jeshi la nchi kavu la Marekani, mwaka 2022, liliruhusu tatuu moja isiyozidi inchi moja kwenye kila mkono, chini ya kifundo, lakini hilo halimsaidii mtoto wa Tanga.

Binti yako anayesomea udaktari ana hali tofauti. Uingereza, tangu 2008, hospitali za umma zinataka mikono ya anayehudumia wagonjwa iwe wazi chini ya kiwiko, bila saa wala mikono mirefu, ili anawe vizuri. Kwa hiyo huko hakuna pa kuficha, na wakubwa wamelazimika kuzoea kuona michoro wodini. Mwambie pia kuhusu piko. Hina ya asili inafutika ndani ya wiki mbili au tatu, lakini piko ya harusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Inaweza kutoa malengelenge na kuacha alama, na aliyeungua nayo mara moja anaweza kudhurika tena kila anapopaka rangi ya nywele.

Kijana atakuambia: ikiwa tatizo, nitaifuta kwa leza. Mwonyeshe hesabu. Leza inavunja wino vipande vidogo, kisha mwili wenyewe unavibeba taratibu, na ndiyo maana mizunguko inaachana wiki sita hadi nane. Mizunguko minane ikiachana wiki nane ni wiki 56, zaidi ya mwaka, na tatuu ya mchoraji stadi inaweza kuzidi hapo. Ya kifundo cha mkono hufifia polepole kuliko ya bega, kwa kuwa damu huko haifiki kwa wingi. Mweusi hutoka vizuri. Kijani na buluu hugoma. Mweupe, wenye titani, unaweza kugeuka mweusi hapo hapo chini ya leza. Kwa ngozi yetu aulize urefu wa mawimbi ya leza inayotumika: nanomita 1064 hupita melanini, rangi ya asili ya ngozi, bila kuiunguza sana, lakini 532, inayotumika kwa wino mwekundu, inaweza kuacha baka jeupe au jeusi. Kama kwenu kuna wenye makovu yanayovimba, asikubali kabla fundi hajajaribu sehemu ndogo na kusubiri.

Mimi ningemwambia achore mahali ambapo shati la mwajiri mkali kuliko wote haliwezi kufichua: mgongoni chini ya ukosi, kifuani, au juu ya mkono karibu na bega. Shingo, kiganja, vidole na kigasha aviache. Namna ya kupima ni hii. Avae shati la sare la mikono mifupi, akae kwenye kiti, anyooshe mikono juu ya kichwa kama anayeshika swichi, halafu mtu mwingine achore mstari kwa kalamu ukingo wa mkono wa shati ulipoishia. Mchoro uanzie vidole vinne juu ya mstari huo. Arudie akiwa ameinama kufunga viatu, maana hapo ukosi wa nyuma huachia na mgongo wa juu ukaonekana.

Kwa simba mkubwa namna hiyo, mgongo unamtosha kuliko mkono. Akishapiga mistari hiyo ya kalamu, nitumie picha kabla hajalipa arubuni ya mchoraji.

Ndugu yako,
Hamisi