Uzito ukirudi baada ya upasuaji wa tumbo

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wenzangu waliopunguzwa tumbo la chakula kwa upasuaji, ambao uzito ukianza kurudi baada ya miaka kadhaa huambiwa, hata na ndugu zao, kwamba walitupa fedha bure. Upasuaji unaobakisha takriban robo ya tumbo hupunguza njaa, lakini hauponyi maradhi ya unene, na kuongezeka kilo kadhaa baada ya mwaka wa pili ni jambo la kawaida.

Hapa Kampala adui, kwa maoni yangu, si sahani ya matoke, kwani tumbo dogo huikataa lenyewe. Ni soda, chai yenye sukari nyingi na mandazi ya kudonoa mchana kutwa, ambavyo hupita bila kushibisha. Aliyeanza kunenepa arudi kliniki mapema badala ya kujificha, apimwe damu, hasa madini ya chuma na vitamini B12, aanze mlo kwa samaki, mayai au maharagwe, na maji ayanywe baadaye. Zipo pia dawa na upasuaji wa marudio (bei yake ni ya kutisha). Madaktari nao wamweleze mgonjwa hayo yote kabla hajatia saini.

Msomaji wako,
Kampala