Mke wangu ananiuliza namlilia nani

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku, nimekaa sebuleni, taa nimezima ili wa chumbani wasiulize. Najua hupendi barua ndefu. Hii haitakuwa fupi, nivumilie.

Unajua tarehe 13 Desemba kwetu ni siku gani. Tangu mwanamuziki wetu Dokta Remmy Ongala atutoke mwaka 2010, sisi wapenzi wa Matimila, bendi yake, wachache tuliobaki, hukutana kwangu. Hakuna makubwa. Viti vya plastiki uani, chai, redio kaseti yangu ya zamani, tunapiga kanda tangu jioni na kukumbushana. Pombe hakuna. Wengi wetu sasa ni watu wa sukari na presha, hata tungetaka tusingeweza. Nalisema hilo mapema kwa sababu nimesikia inasemwa kwamba siku hiyo kwangu hugeuka kilabu. Si kweli, majirani waulizwe.

Sasa mwaka jana. Tuko kwenye wimbo wake "Kipenda Roho", mzee mmoja fundi cherehani anaimba kwa kufuatisha, akakosea ubeti. Mama watoto alikuwa anapita na ndoo, akamsahihisha. Hakufikiri, Shangazi, maneno yalimtoka yenyewe, sawasawa kama yalivyo kwenye kanda. Tukapiga makofi. Nadhani makofi ndiyo yaliyomkera. Akatua ndoo, akanitazama mimi, si yule fundi, akasema: "Mwenyewe alitubu, akaziacha. Sasa wewe unamlilia nani?"

Mbele za watu.

Wenzangu waliinuka mmoja mmoja, huyu anawahi daladala, yule mjukuu anaumwa. Ilikuwa haijafika hata saa mbili.

Usije ukadhani nina ugomvi na dini yake. Alipookoka sikusema neno. Nauli ya mikesha natoa mimi, na mvua ikinyesha naenda kumpokea kituoni na mwavuli. Tena hilo la Dokta kuokoka nalijua kuliko yeye. Nilikuwa nafuatilia habari zake alipopata kiharusi, na alipogeukia nyimbo za Injili kanda zake nilizitafuta nikanunua. Ninazo mpaka leo. Kwa hiyo mke wangu hakusema uongo, na ndiyo maana nimekosa jibu mpaka sasa. Angenitukana ningejua la kufanya.

Unamlilia nani! Namlilia yule aliyekuja kutoka Kongo mwaka 1978 kupiga na bendi ya Makassy, akatukuta sisi vijana wa vibarua hapa Dar, akaimba shida zetu bila kutucheka. Aliyejiita mwenyewe Sura Mbaya, basi mwenye kutaka kumtukana akabaki hana pa kuanzia. Aliyeimba habari ya soksi wakati watu wazima na elimu zao wanaona haya kutamka kondomu. Sisi tulicheka, tukacheza, halafu tukaanza kuzika wenzetu, ndipo tukaelewa alikuwa anasema nini. Wazungu walimjua mwaka 1988 alipokwenda kwenye matamasha ya muziki ya WOMAD, wakamtolea na sahani ya santuri kule Uingereza. Sisi tulikuwa naye kabla ya hapo, na hao wa kule sidhani kama walielewa hata nusu ya maneno. Na niambie, Shangazi, ni marehemu gani mwingine ambaye makonda wanamwita kutwa nzima? "Kwa Remmy, kwa Remmy, wapo wa kushuka?" Vijana wanashuka Sinza pale na wala hawajui kama Remmy alikuwa mtu.

Hayo yote ningeweza kumjibu. Sikumjibu. Nilizima redio.

Kuna kitu wenzangu hawakijui, maana wao walianza kuja nyumbani baadaye. Huyu mwanamke tulikutana ukumbini, Matimila wakiwa jukwaani. Alikuwa anacheza viatu ameshika mkononi. Mimi sikuwa mchezaji, nilikuwa mtu wa kusimama karibu na spika kusikiliza gitaa, yeye ndiye aliyekuja kunivuta. Siku hizi akitoa ushuhuda husema miaka ile alikuwa gizani. Sawa. Lakini na mimi nilikuwa humo humo gizani, ndimo alimonichukua. Je, akitubu ya miaka ile, na mimi ni mojawapo ya hayo anayotubu? Hilo sijamuuliza, wala silo nililokuandikia.

Nililokuandikia ni kwamba alinisema mbele za watu wazima wenzangu, watu wanaoniheshimu. Kama alikuwa na neno, chumba tunacho.

Halafu sanduku la kanda nimelikuta stoo, karibu na gunia la mkaa. Anasema alikuwa anafanya usafi. Mwanangu wa kiume ananiambia, "Baba, zote ziko kwenye simu, unahangaika na nini?" Hajui anachosema. Kanda zangu nyingine nilizirekodi redioni mwenyewe, na sauti ya mtangazaji imo, na mahali fulani kuna mama yangu anaita nikachote maji. Zile hazimo kwenye simu ya mtu yeyote.

Desemba inakuja. Yule fundi amesema mwaka huu tukutanike kwake, Mbagala. Ni mbali lakini ana ua mkubwa. Mimi nimekaribia kukubali. Si kwamba namkimbia mke wangu, hapana, nyumba ni yangu pia na tofali zake nilifyatua mwenyewe. Ila naona bora amani. Halafu nikifikiria naona nikihama, ndiyo nimekubali kwamba tunafanya jambo la aibu. Halafu tena naona akifurahi tumeondoka nitaumia zaidi ya pale.

Juzi akaniuliza, anachambua mboga, hata hakuinua uso: "Mwaka huu wenzako wanakuja saa ngapi?" Nikasema sijui. Nimelifikiria swali hilo usiku kucha. Anauliza ili aandae chai au ili ajue saa ya kutoka? Ningemuuliza, lakini mtu akikuuliza saa huwezi kumuuliza sababu, utaonekana mgomvi.

Mwanzoni nilitaka aniombe radhi mbele ya watu wale wale. Sasa sitaki radhi. Au tuseme akiomba sitakataa, lakini si hilo. Nataka akae. Hata asiimbe, alete kiti chake akae nasi mpaka kanda igeuzwe upande wa pili. Kisha akiondoka aondoke. Nikijisikiliza naona ni jambo la kitoto, ndiyo maana sijamwambia mtu.

Usinishauri tupige nusu dansi nusu Injili. Shemeji yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, keshalileta hilo, na mwaka mmoja tulijaribu. Kila wimbo ulipoisha watu walitazamana kujua wacheze au wainamishe vichwa. Wala usiniambie nimsamehe, maana sijasema nina kinyongo.

Naomba unijibu upesi, yule fundi anataka neno langu kabla ya Jumamosi, viti ni vya kukodi. Jina usiweke. Na usitaje mtaa, andika Dar es Salaam tu, kwa sababu safu yako yeye huisoma kwanza. Gazeti hunifikia mimi limeshakunjwa ukurasa huo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam